Tafakari ya Juma: Reli Yetu ya Mombo



Juma hili tunawaomba ruhusa ya kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi watalihesabu kuwa mchezo wa watoto. Sisi ni mke na mume, wote wawili tumekwisha kustaafu, na kwa miaka sita sasa tumekuwa tukijenga reli ndogo katika chumba cha chini ya ardhi cha nyumba tunamoishi, kusini mwa Ujerumani. Reli hiyo ni mfano wa stesheni ya Mombo, iliyo chini ya milima ya Usambara, nchini Tanzania. Tunapowaeleza ndugu zetu wa nyumbani kwa simu, hunyamaza kidogo, kisha huuliza kama tuna afya njema.

Katika maandishi haya tutaitana kama tunavyoitana ndani ya nyumba: Mama na Baba. Mama alizaliwa Mombo. Baba alizaliwa Tanga mjini, mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyekuwa akitembea njiani kila siku akikagua mataruma. Tuliondoka nyumbani tukiwa vijana, kwa masomo kwanza, kisha kwa kazi, na kazi ikazaa watoto, na watoto wakazaa wajukuu. Hayo mengine mwayajua, maana ndiyo masimulizi ya wengi walioko ughaibuni.

Inafaa kueleza kwanza kwa nini shughuli hii haionekani ya ajabu katika nchi tunayoishi. Si mbali nasi upo mji wa Göppingen, ambako mwaka 1859 fundi wa bati aitwaye Theodor Märklin alianza kutengeneza vyombo vidogo vya jikoni kwa ajili ya nyumba za wanasesere. Mkewe, Caroline, ndiye aliyefunga safari kwenda kuviuza, jambo ambalo wanawake wa nchi hii hawakulizoea katika siku zile. Theodor alifariki mwaka 1866. Caroline akaendelea kuishikilia karakana kwa zaidi ya miaka 20, mpaka wanawe walipoichukua mwaka 1888. Miaka mitatu baadaye, yaani mwaka 1891, Märklin walipeleka kwenye maonesho ya Leipzig treni ya kujazwa ufunguo kama saa, yenye reli ambazo mnunuzi aliweza kuongezea vipande kila alipopata fedha. Hapo ndipo biashara nzima ya treni ndogo ilipopata njia yake. Sisi humkumbuka Caroline mara kwa mara. Katika vitabu vya reli wanaume wamejaa tele, lakini pasipo mama yule na masanduku yake ya sampuli, huenda jina la Märklin lisingefika hata mwaka 1870.

Basi katika nchi hii mzee wa miaka 70 akisema kwamba ana reli chini ya nyumba, jirani humwuliza tu ni ya kipimo gani.

Na kipimo kina maana kubwa. Kinachotumika zaidi ni cha 1 kwa 87: mita 87 za kweli huwa mita moja mezani. Kwa reli pana za Ulaya, upana kati ya chuma na chuma huwa milimita 16.5. Lakini reli ya Tanga haikujengwa kwa upana huo. Ilijengwa kwa upana wa mita moja, tangu Wajerumani walipoianza mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929. Mita moja ukiigawanya kwa 87 unapata kama milimita 11 na nusu, na viwanda hutengeneza reli ya milimita 12. Nani mwingine anayetumia reli ya mita moja, hata viwanda vya Ulaya vikaona faida ya kuitengenezea vifaa? Ni Waswisi, katika milima ya Graubünden. Ndiyo maana injini yetu ni ya mvuke ya Kiswisi, tuliyoinunua kwenye soko la vitu vilivyotumika, nasi tukaipaka rangi ya damu ya mzee kama zilivyokuwa injini za mvuke za Reli ya Afrika Mashariki kabla shirika lile halijavunjika mwaka 1977. Mjuzi akiitazama atacheka. Tunamwambia acheke kwa kiasi, kwa kuwa hata injini za kweli za aina ile nyingi ziliuzwa Siam, nchi tuiitayo leo Thailand, katika miaka ya 1920, na kwa sababu hiyohiyo: reli za huko nazo ni za mita moja. Chuma hakiulizi kilizaliwa wapi, mradi upana uwe sawa.

Kisha tulipiga hesabu. Kutoka Tanga hadi Moshi ni kama kilomita 350. Ukizigawanya kwa 87 unapata kilomita nne. Chumba chetu kina urefu wa mita saba. Hatukuwa na budi kuchagua, na hapakuwa na ubishi juu ya mahali, kwa kuwa Mama alikwisha kuchagua zamani. Tuna vipande vinne vya plaiwudi, kila kimoja sentimita 120 kwa 60, vinavyofanya Mombo yenyewe: mita 4 na sentimita 80, ambazo ni kama mita 418 za kweli. Upande wa kulia reli inaingia nyuma ya pazia dogo tuliloliita Tanga, na upande wa kushoto inaingia nyuma ya pazia lingine tuliloliita Moshi. Msafiri atokaye Tanga huiona milima mkono wake wa kuume, nasi tumeiweka huko, ukutani.

Hapa ndipo wajukuu walipotushinda kwa swali. Mmoja aliuliza, "Bibi, mlima huu kwa kweli uko juu kiasi gani?" Kutoka Mombo mpaka Lushoto mjini ni kupanda kwa mita 1,000 hivi. Katika kipimo chetu hiyo ni mita 11 na nusu, yaani kimo cha nyumba ya ghorofa nne. Chumba kina mita mbili na robo. Milima ya Usambara haiingii ndani ya nyumba, wapendwa, hata ukiipunguza mara 87. Tulijenga miinuko ya chini kwa waya wa wavu, magazeti na jasi, na iliyobaki Mama aliichora ukutani kwa brashi.

Lakini tumetangulia. Kabla ya mlima kulikuwa na ugomvi.

Baba alitaka reli ifungwe ukutani kwa vyuma, imara, isitikisike. Fundi yeyote atamwunga mkono: reli ikitikisika, maungio husogea, na treni huanguka. Mama alitaka vipande vinavyoachana, vyenye boliti katikati na plagi za umeme kila kiungo, vinavyoweza kuingia katika sanduku la mbao na sanduku kuingia katika kontena. Hoja za Baba zilikuwa za kifundi na za Mama zilikuwa za kifundi. Tulizungumza juu ya plaiwudi kwa majuma matatu. Hatukutaja hata mara moja nyumba yetu ya Korogwe, iliyosimama kwenye linta tangu mwaka 2011, na kila mmoja alijua kwamba hatuzungumzi juu ya plaiwudi.

Ninyi mlioko mbali na nyumbani mnaifahamu nyumba ya namna hiyo. Unatuma fedha za matofali, unatuma za saruji, unapokea picha. Mwaka mmoja mtoto anaingia chuo kikuu, na ukuta unangoja. Mwaka mwingine mjukuu anazaliwa, na ukuta unangoja. Swali la kurudi hukaa mezani kama sahani ambayo hakuna anayeiondoa. Mama alikuwa tayari kurudi siku ileile ya kustaafu. Baba aliwatazama wajukuu.

Mwishowe Baba alitoboa matundu ya boliti. Alitumia siku nzima kupima, kwa sababu boliti mbili kwa kila kiungo hazitoshi kurudisha reli mahali pake. Yahitajika pia pini mbili za shaba zinazoingia katika matundu yasiyo na nafasi hata ya unywele. Alizitia. Hakusema kwamba amekubali kurudi. Alisema kwamba kama kitu kitakuwa cha kufunguka, basi kifunguke vizuri.

Juu ya useremala na nyaya hatutawachosha. Kokoto, hata hivyo, zahitaji neno. Kokoto za reli ndogo ni mchanga wa mawe uliochujwa. Unaumwaga mkavu kati ya mataruma, unausawazisha kwa brashi laini, kisha unaunyunyizia maji yenye tone la sabuni ya vyombo, ndipo unapodondosha gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Bila sabuni, gundi hukaa juu kama shanga na kuzikusanya kokoto katika vidonge. Kazi ya sentimita 30 huchukua jioni nzima. Tulikaa upande huu na upande huu wa meza, kila mmoja na kibomba chake cha kudondoshea, na katika jioni zile tulizungumza kuliko tulivyopata kuzungumza kwa miaka kumi ya kwenda kazini kwa zamu.

Na mkonge! Mtu hawezi kuijenga Mombo bila mashamba ya mkonge. Mwaka uleule wa 1893 reli ilipoanza Tanga, Mjerumani Richard Hindorf aliingiza miche ya mkonge kutoka Florida. Kati ya 1,000 ilisalia 62 tu, na kutoka hiyo 62 yakaja mashamba yote. Tulikata majani ya karatasi, tukayapaka kijani chenye kijivu, tukayafunga pamoja kwa gundi, 20 kwa kila mche. Tulipofikisha miche 62 tulinywa chai kwa heshima. Tumefika 900 na zaidi. Majani marefu ya kando ya njia tuliyafanya kwa kamba ya katani iliyokatwa vipandevipande, ambayo mafundi wa hapa huitumia sana kwa kazi hiyo bila kujua imetokana na mmea gani. Kamba yetu tuliinunua katika duka la vifaa vya bustani. Hatukuthubutu kuuliza imetoka wapi, maana leo Brazil ndiyo inayoongoza kwa katani duniani, na tungeumia.

Umeme ni wa kidijitali. Katika mfumo wa zamani, ukiongeza umeme relini, kila injini iliyo juu ya reli hukimbia. Katika mfumo huu reli hubeba umeme wakati wote, na ndani ya kila injini mna chipu yenye namba yake, inayosikiliza amri zake peke yake. Kwa hiyo watu wawili waweza kuendesha treni mbili katika njia moja, kila mmoja na kidhibiti chake mkononi. Ni furaha kubwa, na ni hatari, kwa kuwa hakuna kinachowazuia kukutana uso kwa uso.

Walikutana. Treni ya Baba ilitoka Moshi, kushoto, ikiwa na mabehewa matatu, ikagonga ya Mama pale inapotoka stesheni. Tulicheka. Juma lililofuata ikawa vilevile, na mahali palepale. Mara ya tatu hatukucheka, kwa sababu Mama, ambaye huchora macho ya abiria wa milimita 20 kwa brashi yenye unywele mmoja, alisema: "Baba, treni yako sikuiona kabisa. Haikuwapo, kisha ikawapo."

Daktari wa macho alimpima presha ya macho, akamweka mbele ya mashine inayowasha vinukta vya mwanga pande zote huku mgonjwa akibonyeza kitufe kila akionapo kimoja. Ni glakoma, na jicho la kushoto ndilo lililoathirika zaidi. Ugonjwa huu huua mshipa wa fahamu wa jicho polepole, bila maumivu, na mara nyingi hula pembeni kwanza na kuacha katikati. Ndiyo maana mtu aweza kusoma gazeti, kutunga uzi kwenye sindano, na asilione gari linalokuja ubavuni. Kilichopotea hakirudi, dawa ya matone ya kila siku hulinda kilichobaki. Tuliambiwa pia kwamba watu wenye asili ya Afrika hupatwa zaidi, tena mapema zaidi, na kwamba hutembea katika ukoo. Watoto wetu wote wamekwenda kupimwa. Nanyi wasomaji mliovuka miaka 40, nendeni mkapime, hata kama mnaona vizuri. Hasa kama mnaona vizuri.

Tangu siku ile swali la kurudi limegeuka sura. Mama asema: yatupasa kwenda sasa, maana nataka kuiona milima ile kwa macho, si kwa kusimuliwa. Baba asema: yatupasa kubaki, maana hapa kliniki iko dakika 20 kwa basi, na kila miezi mitatu wanampima. Macho yaleyale yanasema nenda na yanasema kaa. Mama hujibu kwamba Moshi ipo KCMC, na idara yake ya macho inajulikana, nayo hufundisha madaktari wa macho. Baba hujibu kwamba kutoka Korogwe mpaka Moshi ni safari ya saa kadhaa barabarani. Mama hujibu kwamba kuna reli. Na ni kweli kwamba mwezi Desemba 2019, baada ya zaidi ya miaka 20 ya kimya, treni ya abiria ilirudi katika njia ya kutoka Dar es Salaam hadi Moshi. Siku tulipoiona habari ile, Mama hakutoka mbele ya kompyuta mpaka usiku.

Turudi mezani. Ilibidi kutafuta namna ambayo Mama ataweza kuendesha treni bila kulazimika kugeuza kichwa kila mara kuelekea Moshi. Baba alikumbuka desturi ya zamani ya reli za njia moja: dereva haruhusiwi kuingia katika kipande cha njia mpaka awe ameshika mkononi fimbo ya kipande kile, na fimbo ni moja tu. Aliye nayo anapita, asiye nayo anangoja. Hatukuwa na fimbo. Tulikuwa na jiko. Mwiko wa ugali ukawa wa kipande cha Tanga, na mwiko mdogo wa mchuzi ukawa wa kipande cha Moshi. Sheria ikaandikwa ukutani: ni mwiko kuingia bila mwiko. Wajukuu wanaielewa Kiswahili chake kuliko tulivyotarajia.

Tangu hapo treni hazijagongana. Atakaye kwenda Moshi huomba mwiko kwa sauti, na mwenzake hujibu, "Chukua," au "Subiri, bado niko njiani." Jambo ambalo hatukulitazamia ni kwamba desturi hii ilipanda ngazi ikaingia sebuleni. Jioni moja tulipokuwa tukibishana juu ya Korogwe, wote wawili kwa pamoja kama kawaida yetu, Mama alikwenda jikoni akarudi na mwiko wa ugali, akaushika mapajani. Baba akanyamaza. Mama alizungumza kwa muda mrefu. Aliongea juu ya mama yake aliyefariki sisi tukiwa huku, juu ya ukungu unavyoshuka Usambara asubuhi, na juu ya hofu ya kuamka siku moja akaukuta ukungu huo pande zote. Kisha akampa Baba mwiko. Naye Baba alisema jambo ambalo katika miaka 38 ya ndoa hatukuwa tumelisema: kwamba yeye hana mtu aliyebaki Tanga, na kwamba mji ule humtia upweke kuliko huu. Usiku ule hatukuamua lolote, na mwiko ulilala juu ya meza ya sebule.

Mlima bado haujakamilika. Mama amekwisha kuchora kuanzia Tanga mpaka katikati ya stesheni. Robo ya mwisho, upande wa Moshi, ni ukuta mweupe wenye mistari ya penseli. Baba alimpa picha za kufuatisha, nyingi na nzuri, zilizopigwa na wasafiri. Mama alizitazama akasema buluu yake si ile. Anachora asubuhi, akiwa amegeuza kiti ili upande mweupe uwe mbele yake badala ya kushoto kwake, na akichoka macho anakata majani ya mkonge.

Tumekata tiketi za mwezi Julai, za kwenda na kurudi, majuma sita, katikati ya kliniki mbili. Fundi wa Korogwe ameambiwa tunakuja kuitazama linta. Baba amenunua mfuko mdogo wenye barafu, kwa kuwa chupa za dawa ya Mama zisizofunguliwa zataka ubaridi, na Mombo ni joto. Mama amenunua daftari la michoro na rangi za maji, za buluu tatu. Reli tunaiacha kama ilivyo, imefungwa boliti zake, na binti yetu atakuja mara moja kwa juma kufuta vumbi. Amekwisha kuuliza kama anaruhusiwa kuendesha treni akiwa peke yake, nasi tukamwambia hakuna tatizo, miko yote miwili itakuwa yake.